Boti Kuukuu ya Faiba na Injini Inayoifaa



Mtu anunuapo boti ndogo ya faiba ya zamani, iliyoundwa kwa ajili ya matembezi, ili imfikishe kwenye vizimba vyake au ivushe jamaa zake kutoka Kayenze kwenda visiwani, huuliza kwanza iwekewe injini ya HP ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini hutanguliwa na jingine: je, ukuta wa nyuma wa boti hiyo bado una uwezo wa kubeba injini?

Faiba haiozi, ndiyo maana boti ya miaka 40 huweza kung'aa ikipakwa rangi mpya. Kinachooza ni ubao uliofungiwa ndani ya ukuta wa nyuma. Maji hupenya kupitia matundu ya bolti, yakakaa humo miaka na miaka, na mnunuzi asione kitu. Basi na augonge ukuta huo kwa mpini wa nyundo: penye uzima hulia kavu, penye kuoza hulia butu. Bolti moja ikifunguliwa na kutoka na unga mweusi wenye unyevu, hakuna haja ya ubishi. Fundi aondoe ubao wote uliooza, aweke mpya uliokauka, ndipo aufunike upya kwa faiba. Gharama hiyo huwaudhi wengi. Lakini ukuta ukimeguka katikati ya maji, injini huzama nao, na mlango wa maji hubaki wazi nyuma ya abiria.

Baada ya hapo uzito ndio upimwe kabla ya mbio. Boti za zamani ziliundwa kwa injini za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa petroli na oili. Ya HP 40 ya aina hiyo huwa na kilo 70 na ushee; ya mipigo minne yenye nguvu ileile hukaribia kilo 100. Kilo hizo za ziada huizamisha tezi, na wimbi la nyuma huingia kwa urahisi pale boti inapopunguza mwendo ghafla. Kwa upande mwingine, injini ya mipigo minne hutumia petroli kidogo zaidi na haichafui maji kwa oili. Anayesafiri kila siku ataona faida yake, ila ashuke HP ili uzito ubaki ule ambao boti iliumbiwa.

Jambo moja husahauliwa hata na mafundi wazuri. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ya HP 40 hufanya kazi kama ya 36. Tiba yake ni pangaboi lenye mabapa ya mlalo mdogo zaidi, ili injini ifikie mizunguko iliyotajwa katika kitabu chake. Kununua injini kubwa zaidi kwa sababu hiyo ni kuurudisha mzigo uleule kwenye ukuta uleule.

Urefu wa mguu wa injini nao upimwe kwa futi kabla ya kulipa: mfupi ni kama sentimita 38, mrefu 51. Mguu mfupi mno huvuta hewa, mrefu mno huburuta maji. Na penye magugu maji, tundu la maji ya kupozea likaguliwe kila safari.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimepakia kupita uwezo wake, kilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Kwa hiyo boti ikishafungwa injini mpya, isianze kubeba watu kabla ya kukaguliwa na TASAC, nayo idadi ya abiria isiongezwe kwa kuwa nguvu zimeongezeka. Namba ya injini iandikwe na kuhifadhiwa nyumbani, nakala moja ibaki kwa viongozi wa BMU wa mwalo, kwa sababu wezi wa injini ziwani hawachagui mpya wala kuukuu.