MACHO YA MANJANO NA KARATASI YA MAABARA

(Hotuba ya kamati ya afya ya tawi, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mautuma)



Habari za mishahara atazisema Katibu. Sisi wa kamati ya afya tumeomba nafasi tuseme juu ya ugonjwa wa mrija wa nyongo, na juu ya karatasi moja ya maabara ambayo sisi wenyewe tuliisoma vibaya.

Mwenzetu mmoja alikuwa dereva wa trekta la kusomba miwa. Jamaa zake wametupa ruhusa tueleze habari zake bila kumtaja jina. Alianza kwa kuwashwa mwili mzima, akadhani ni vumbi la miwa. Baadaye macho yakawa manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Huyu akamwambia ni malaria, yule akasema taifodi, mwingine akasema amelogwa. Akanywa dawa za kila namna kwa wiki 7. Alipofika hospitali kubwa, madaktari walikuta mrija wa nyongo umebanwa. Wakachukua chembe za mwili ndani ya mrija ule ili zipimwe, kisha wakatia bomba dogo nyongo ipate kupita. Siku chache baadaye macho yakawa meupe tena na kuwashwa kukakoma.

Karatasi ya maabara ilipotoka, aliileta kwetu tumsomee. Mstari wa kwanza ulisema kwamba hakuna seli za kansa zilizoonekana. Tukashangilia. Mkewe akachinja kuku, tukala pamoja. Mstari wa pili hatukuusoma. Mstari huo ulisema kwamba seli zilizopatikana ni chache, na kipimo kirudiwe. Mwenzetu akarudi kwenye trekta lake. Baada ya miezi 5 macho yaligeuka tena, na safari hii madaktari walikuta kansa imekwisha kuenea katika ini. Nyote mlikuwapo kwenye mazishi.

Hatusemi kwamba angalipona. Kansa hii ni kali hata ikigunduliwa mapema. Lakini miezi 5 ilipotea, nayo ilipotea mikononi mwetu. Ndiyo sababu ya hotuba hii.

NYONGO NA MRIJA WAKE

Kila aliyechinja mbuzi anaijua nyongo, ile ya kijani iliyo chungu, ambayo ikipasuka huharibu nyama. Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Ini hutengeneza nyongo, nayo hupita katika mrija mwembamba mpaka utumboni, kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Mrija ukiziba, nyongo hurudi katika damu. Hapo macho na ngozi huwa manjano, mkojo huwa mweusi, choo huwa cheupe kama majivu, na mwili huwasha.

Vinavyoziba mrija ni vingi. Yako mawe ya nyongo. Liko kovu la ugonjwa wa zamani. Iko kansa ya kongosho inayoukandamiza mrija kutoka nje. Na iko kansa ya mrija wenyewe. Tena manjano huweza kuja bila mrija kuziba, kama katika homa ya ini au malaria kali. Kwa hiyo rangi ya manjano peke yake haisemi ni ugonjwa gani. Inasema tu kwamba hapana budi kupimwa, na kupimwa upesi.

JINSI CHEMBE ZINAVYOCHUKULIWA

Kwanza mgonjwa hupimwa damu na kupigwa picha ya tumbo, ili daktari aone kama mrija umepanuka na mahali ulipobanwa. Kazi hii huweza kuanza karibu na nyumbani. Kazi inayofuata hufanywa katika hospitali kubwa chache zenye mashine na wataalamu wake. Ndiyo maana sisi wa Mautuma hupewa barua ya kwenda Kakamega au Eldoret, na pengine mbele zaidi.

Huko daktari humlaza mgonjwa kwa dawa, akapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa. Mpira hushuka tumboni mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba, penye tundu ambalo nyongo humwagikia. Njia hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na daktari William McCune na wenzake huko Marekani. Kutoka kwenye tundu hilo daktari huingiza waya, na juu ya waya burashi ndogo sana, akaisugua mbele na nyuma mahali palipobanwa. Burashi hutoka na chembe za mwili, ziitwazo seli.

Seli hizo hupakwa juu ya vipande vya kioo na kutiwa katika spiriti papo hapo, kwa maana zikikauka zinaharibika na hazisomeki. Ncha ya burashi nayo huweza kukatwa na kutiwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi. Maabara huzitia rangi, na daktari wa maabara akazitazama kwa hadubini. Seli nzuri zinafanana na zimejipanga kwa taratibu. Seli za kansa zimesongamana ovyo, na kiini cha kila moja ni kikubwa, cheusi, kisicho na umbo sawa.

Rangi hizo akina mama wanazifahamu, ingawa labda hawakujua. Zinaitwa kwa jina la daktari George Papanicolaou, aliyezaliwa Ugiriki mwaka 1883 akafanya kazi yake New York. Ndiye aliyeonyesha kwamba kansa ya mlango wa kizazi huweza kugunduliwa kwa kutazama seli chache zilizopakwa kwenye kioo, na mwaka 1943 yeye na Herbert Traut walitoa kitabu juu yake. Kwa mrija wa nyongo kazi ni ile ile, ila mahali penyewe ni pagumu kufikiwa.

Kuingiza mpira huko nako kuna hatari yake. Wagonjwa wachache hupata uvimbe wa kongosho baadaye. Daktari hulieleza jambo hili kwanza, na mgonjwa ana haki ya kuuliza.

KWA NINI "HAKUNA" SI MWISHO WA MANENO

Ndugu, hapa ndipo tulipokosea, basi sikilizeni vizuri.

Ninyi mnaouza mahindi mwajua jinsi mnunuzi anavyochoma gunia kwa chuma chenye mfereji. Punje chache humiminika mkononi mwake. Akiona zimeoza, gunia lina uozo, hapana ubishi. Lakini akiona punje nzuri, hajui bado. Huenda uozo uko upande ambao chuma hakikufika.

Burashi ni kama chuma kile. Ikisema kansa ipo, ni nadra sana kukosea. Ikisema haikuonekana, bado. Katika wagonjwa 100 ambao kweli wana kansa hii, burashi peke yake huwagundua kama 40 au 50 tu. Kansa ya mrija wa nyongo ni ngumu kama kovu na haiachii seli nyingi. Tena mara nyingine hukua chini ya ngozi laini ya mrija, na burashi husugua juu tu.

Kwa sababu hiyo madaktari hawaitegemei burashi peke yake. Huweza kusugua tena siku nyingine, au kukata kipande kidogo cha nyama kwa koleo ndogo. Ziko maabara zinazotia katika seli alama zinazong'aa ili kuhesabu kama vinasaba vimezidi. Kiko pia kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9, lakini nacho hakiamui peke yake. Hupanda hata mrija ukizibwa na jiwe, na wako watu ambao miili yao haikitengenezi kitu hicho kabisa. Daktari huweka majibu yote pamoja na picha, ndipo akaamua.

Na jambo hili msilisahau. Bomba likitiwa, manjano huondoka hata kama kansa bado ipo. Macho meupe yalitudanganya sisi. Tena bomba la plastiki huziba baada ya muda, na kwa kawaida hubadilishwa kama kila miezi 3. Mwenye bomba ambaye hakurudi hospitali amejiweka hatarini.

HABARI ZA WENZETU WA OSAKA

Wengine watauliza, ugonjwa huu una nini na chama cha wafanyakazi? Wagonjwa wengi hawapatikani na sababu iliyo wazi. Huko Thailand watu wengi waliupata kutokana na minyoo ya ini iingiayo mwilini kwa samaki wabichi. Lakini huko Japani sababu ilipatikana kazini.

Katika mji wa Osaka, kampuni moja ndogo ya kupiga chapa iliwafanyisha watu kazi katika chumba cha chini ya ardhi kisicho na hewa ya kutosha. Kutwa nzima walifuta wino kwenye mashine kwa dawa za maji, mojawapo ikiitwa 1,2-dikloropropani. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2013 na mtaalamu Kumagai Shinji na wenzake ilitaja wafanyakazi 11 wa mahali pale waliougua kansa ya mrija wa nyongo. Umri wao walipogunduliwa ulikuwa kati ya miaka 25 na 45, na 6 walikuwa wamekwisha kufa. Kansa hii kwa kawaida ni ya wazee, basi hao walikuwa vijana mno. Serikali ya Japani ilikubali kwamba ugonjwa wao ulitokana na kazi, wakalipwa fidia. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, liliitia dawa hiyo katika daraja la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu bila shaka.

Mgonjwa mmoja aliyetazamwa peke yake alikuwa ni bahati mbaya tu. Majina yalipowekwa pamoja, pamoja na kazi waliyokuwa wakiifanya, ndipo sababu ilipoonekana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatusemi kwamba mwenzetu wa trekta aliugua kwa ajili ya kazi. Hilo hatuna haki ya kulisema. Lakini habari za Osaka zilitufanya tujitazame. Chupa tuliyokuwa tukisafishia wino wa mashine inayopiga chapa gazeti hili haikuwa na jina lolote. Tulikuwa tumeinunua kwa kupimiwa, na tuliitumia madirisha yakiwa yamefungwa. Tumeitupa. Je, mwajua ni nini kilichomo katika dawa mnayooshea vyuma gereji, au mnayotolea rangi ya zamani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka dawa za hatari ziwe na alama na karatasi ya maelezo. Pia yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inahesabu maradhi yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Haki hizi zimeandikwa. Yafaa tuziulize.

TULIYOAZIMIA

Kamati imekubaliana haya, nayo yaletwa mbele yenu myakubali au myakatae:

1. Mwanachama akiona macho ya manjano, mkojo mweusi au choo cheupe, aende hospitali wiki ile ile. Akiwa na manjano pamoja na homa ya kutetemeka, aende siku ile ile, maana mrija uliooza huua upesi.

2. Aendaye kupimwa seli asiende peke yake. Mtu mmoja wa tawi afuatane naye, na nauli ya huyo itoke katika mfuko wetu.

3. Akikabidhiwa chupa aipeleke maabara mwenyewe, atazame kwanza kama jina lake limeandikwa. Asimwage maji yaliyomo, asiongeze, asiiache juani.

4. Jibu likitoka aulize maneno manne. Je, seli zilitosha? Je, maabara imesema hapana, ina shaka, au imesema ndiyo? Kama ni hapana, basi ni nini kilichoubana mrija? Na siku ya kurudi ni lini? Asiondoke kabla ya kujibiwa hilo la tatu.

5. Karatasi isomwe mpaka mstari wa mwisho, na watu wawili.

6. Tangu Oktoba 2024 wenye mishahara tunakatwa 2.75 kwa kila 100 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kila mmoja ahakikishe kwamba makato yake yanafika. Si jambo la kugundua mlangoni mwa hospitali.

7. Daftari liwekwe, la maradhi makubwa ya wanachama na kazi zao. Litafungiwa, na majina hayatasomwa mbele za watu.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzetu hakuficha. Alituletea karatasi yake mchana kweupe, na sisi tukasoma nusu yake. Mjane wake yupo hapa leo, amekaa na akina mama kule nyuma, naye ndiye aliyetuambia tuseme yote bila kupunguza. Twamshukuru, na twamwomba radhi mbele yenu.

Umoja ni nguvu.