Watoto Wadogo Katika Gari la Wazi la Mbugani

Gari la wazi la kutazama wanyama, kama yale yanayotumika katika hifadhi za Nyerere na Ruaha nchini Tanzania, halina vioo vya madirisha. Hatari ya kwanza kwa mtoto si simba bali shimo la barabarani: gari linaporuka, asiyefungwa mkanda hurushwa. Kumpakata hakutoshi, kwani mikono ya mzazi haimudu mshtuko huo. Kiti cha mtoto nacho hufaa pale tu penye mkanda wa kukifunga imara.

Wanyama waliozoea magari hulitazama gari na abiria wake kama umbo moja. Mtoto akisimama, akipiga kelele au akitoa mkono nje, umbo hilo huvunjika. Ndiyo maana kambi nyingi huweka umri wa chini, mara nyingi miaka 6.

Alfajiri huwa na baridi, mchana jua kali na vumbi. Mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyokoza. Blanketi, kofia, maji, nguo za rangi ya udongo na mizunguko mifupi husaidia sana. Kwa mtoto mchanga, gari lenye milango na paa ndilo salama zaidi.