Dhahabu ya Namoya na askari wastaafu

Tajiri akitoa pesa zake kwa utafiti wa saratani au matibabu ya askari wastaafu, tumshukuru. Ila sisi wa Kabambare tunaijua sadaka ya kampuni. Kampuni ya Banro ilipochimba dhahabu hapa kwetu Namoya, mfuko wake wa hisani ulijenga shule na vituo vya afya. Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi mgodini kwa sababu ya usalama. Mfadhili akifunga geti, mshahara wa muuguzi unatoka wapi?

Saratani haingoji bei ya dhahabu ipande. Mzee aliyetumikia jeshi la Mobutu anakojoa kwa shida, anasema ni uzee; huenda ni saratani ya tezi dume. Mjane wa mwenzake anatokwa damu, naye ananyamaza kwa haya; huenda ni saratani ya mlango wa kizazi. Na kwa wanawake, jamani, hatuhitaji mashine ya mamilioni kwanza: kuchunguza mabadiliko ya mwanzo kwenye mlango wa kizazi, kabla damu haijaanza kutoka, kunataka siki, taa na mkunga aliyefundishwa. Tunaweza: miaka ya 1970, kwa jirani zetu wa Kasongo, madaktari wa Antwerp na wauguzi wetu walijenga mfumo wa vituo vya afya uliosomwa duniani.

Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inaidai kampuni ya madini angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Hilo ni deni, si zawadi. Kamati zinazopanga matumizi ya fedha hizo ziandike uchunguzi wa saratani, na nauli ya mgonjwa wa rufaa, kabla ya kuandika ukumbi mwingine wa mikutano.