Injini na Mlima



Mmeniuliza juu ya treni ya umeme ya Dodoma, iendayo kilomita 160 kwa saa. Mimi naanzia TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Injini zake za kwanza, za Uchina, zilielemewa na mwinuko wa Mlimba hadi Makambako. Ndipo mwaka 1983 zikaletwa za dizeli-umeme, zenye nguvu zaidi, toka Ujerumani Magharibi.

Sisi wa Kwakoa twalijua hilo. Apandaye Usangi na magunia haulizi gari lakimbiaje. Auliza kama litapanda. Hata hivyo, kwenye kamati ya ununuzi kazini nilitazama bei na mwendo tu, nikatia sahihi. Magari yakagoma milimani. Shahada nilikuwa nayo!