Hotuba ya Katibu kwenye Karamu ya Mwisho wa Mwaka



Twafurahi kuketi nanyi mbele ya wali wa Kahama, samaki wa Ziwa, na zaidi michembe na matobolwa, viazi ambavyo mama zetu walivianika tangu kiangazi. Hivyo ndivyo vitakavyotuvusha hadi mavuno, wala si fedha za pamba, ambazo zimekwisha.

Lakini kosa letu twalikiri. Wakati wa mavuno tuliuza mpunga kwa lumbesa, gunia lenye kilemba. Leo twanunua mchele Geita kwa kilo, kwa bei ya wachimba dhahabu. Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005, na mizani tunayo. Twawaomba, mwakani mpunga upimwe ghalani kabla lori la kwanza halijaingia kijijini.