Paredi ya Asubuhi na Dhamiri ya Mkristo

Kengele ya paredi imeshalia. Mwalimu wa zamu yuko mbele, kiranja anapandisha bendera, wimbo wa taifa unaanza. Katika mstari wa nyuma mwanafunzi mmoja amesimama wima, mikono ubavuni, midomo ameifunga. Hafanyi fujo wala hachekeshi wenzake, haimbi, basi. Nchini Tanzania ukimya wa namna hiyo ulifika hadi Mahakama ya Rufani.

Waliopeleka shauri walikuwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 100, Mashahidi wa Yehova, waliofukuzwa au kusimamishwa masomo kwa kukataa kuimba. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliwapa haki. Kwao kuimba wimbo wa taifa ni ibada, na ibada haigawanywi kati ya Mungu na nchi.

Ajabu ni kwamba wimbo wenyewe ni sala. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Johannesburg, aliutunga mwaka 1897, na ulisikika kanisani kabla wanasiasa hawajaudaka. Kwa hiyo dola ambayo Katiba yake, Ibara ya 19, inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, ilijikuta ikiwaadhibu Wakristo kwa kukataa wimbo uliolelewa na Wakristo. Watanzania wengi hawaoni mgongano wowote hapo. Wameuimba tangu darasa la kwanza, Mwislamu na Mkristo bega kwa bega, bila kuulizana wanamwomba Mungu yupi.

Kwingine mambo yameyumba zaidi. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu watoto wa Mashahidi wafukuzwe shule kwa kutoisalimu bendera. Raia wakajichukulia sheria mkononi; Mashahidi wakapigwa, mali zao zikachomwa. Mwaka 1943, vita dhidi ya Hitler vikiwa vimepamba moto, mahakama ileile ikageuza uamuzi kwa kura 6 dhidi ya 3. India iliwarudisha watoto watatu darasani mwaka 1986. Malawi ya Kamuzu Banda haikungoja majaji: waliokataa kununua kadi ya chama walishambuliwa, na maelfu wakakimbilia nchi jirani.

Makanisa makubwa huyatazama haya kama matatizo ya wengine. Yasijidanganye. Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa kila alipoweza, ndiye aliyeongoza serikali iliyotwaa shule za misheni mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1992 serikali ikatia saini makubaliano na makanisa kuhusu elimu na afya, na mpaka leo hospitali kama Bugando na KCMC zinaendeshwa kwa ubia wa pande hizo mbili. Mpaka kati ya kanisa na dola upo, ila milango yake ni mingi.

Ndipo ulipofika mwaka 2018. Maaskofu Katoliki katika ujumbe wa Kwaresima, na wale wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) katika waraka wa Pasaka, walikosoa kubanwa kwa uhuru wa kisiasa. Wapo waliowaambia warudi madhabahuni. Mwanafunzi kosa lake kunyamaza, askofu kosa lake kusema! Kumbe kinachodaiwa mara nyingi ni sauti ya kuitikia, wala si uaminifu. Anayelipa kodi, anayekataa rushwa na kutii sheria ameshaonyesha uzalendo wake, aimbe asiimbe.

Hata hivyo, makanisa nayo yana shule, na shule hizo zina wanafunzi Waislamu na wa madhehebu mengine. Kabla semina hii haijaandika mapendekezo yake kwa wizara ya elimu, wakuu wa shule za makanisa waliomo humu walete mezani kanuni za shule zao, na kifungu cha mahudhurio ya ibada kisomwe kwanza.