Fundi Asiye na Cheti

Ndugu waumini wa Mbulu na Hanang,

Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliangamiza roho na nyumba za watu mjini Katesh na vijiji jirani. Tangu siku ile sote twajua thamani ya mwashi na seremala. Tunao wengi waliojifunza kazi kwa baba zao. Kazi wanaijua, lakini mwajiri akidai cheti, hurejea nyumbani mikono mitupu.

Mlango upo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Fundi hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, hufunzwa yale aliyopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti. Chuo chake cha mkoa kipo Babati.

Hata hivyo, tuonyane. Cheti ni ushahidi. Anayekinunua pasipo kupimwa ametoa ushahidi wa uongo, na ukuta alioujenga vibaya utamwangukia mtoto wa mtu. Anayemuuzia ni mshirika wake.

Basi kila msikiti uandike orodha ya mafundi wake, wanaume kwa wanawake, na wenye uwezo wawachangie wasio nacho nauli na ada. Tusimwache mtu mwenye ujuzi akaomba, ilhali kilichomzuia ni karatasi moja tu.

Wabillahi tawfiq.